Mtoto Akisoma na Njaa, Deni ni la Nani?

Katika mambo yanayompasa kuyafikiri kila mwenye mtoto, na kila mwenye jirani aliye na mtoto, ni jambo hili la wanafunzi wetu kwenda skuli na matumbo matupu, au na matumbo yaliyojazwa vitu visivyojenga mwili. Watu wengi hulidhani kuwa ni jambo la jikoni, waachiwe wanawake. Na wengine hulidhani kuwa ni jambo la maofisini, waachiwe wakubwa. Sisi twaona kuwa ni mas-ala ya haki kabla ya kuwa mas-ala ya mapishi, na kwa hivyo tumeona yatupasa kuyaleta mbele ya wasomaji wetu.

Na kabla ya kumlaumu mtu yeyote, ni insafu tuanze na nafsi zetu. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo tulichokuwa tukisomesha, alikuwako mtoto wa miaka kumi hivi aliyekuwa akija alasiri baada ya kutoka skuli. Mtoto huyu alikuwa hapiti siku mbili bila ya kusinzia juu ya juzuu yake, na akiulizwa darasa ya jana hujibu nusu, kisha hunyamaza. Tulimkemea, tukamsimamisha mbele ya wenziwe, na tukamwita mvivu, mpaka likawa ndilo jina lake chuoni. Siku moja aliposimamishwa alianguka. Mama mmoja jirani ya chuo akaja na maji, kisha akaleta uji. Mtoto akanywa bakuli mbili bila ya kuinua uso. Tulipomuuliza amekula nini tangu asubuhi, alisema amekunywa chai kavu. Na jana? Kadhalika. Mamake alikuwa akiwafulia watu nguo, akitoka alfajiri na kurudi magharibi. Na wenziwe walipokwenda kula mchana, yeye alikaa chini ya mwembe mpaka kengele ilie. Baada ya uji ule tulimsikiliza darasa yake, akaisoma mpaka mwisho bila ya kukosa.

Tulimtaka radhi, naye alicheka kwa haya akaangalia chini. Lakini adhabu iliyokwisha tolewa hairudishwi. Sisi tuliokuwa tukimsomesha adabu hatukuwa tumemuuliza hata siku moja kama amekula. Tangu siku ile swali hili halikututoka: mtoto akisoma na njaa, deni ni la nani?

Majibu tunayoyasikia mjini ni matatu. Wa kwanza husema: "Riziki ni ya Mwenyezi Mungu, na kila kiumbe amekuja na riziki yake." Neno hili ni kweli, lakini wengi hulitumia mahali si pake. Riziki haikushuka kwa kamba mpaka mdomoni. Hupitia mikononi mwa watu, na mikono hiyo itaulizwa ilifumbwa au ilifumbuliwa. Mwenye kusema hivyo mbele ya mtoto wa jirani mwenye njaa, mbona hasemi hivyo mbele ya mwanawe mwenyewe, bali huamka mapema kwenda kumtafutia? Basi hiyo siyo tawakkul. Ni kumwachia Mungu sehemu ya mwenzako na kuishughulikia yako kwa mikono miwili.

Wa pili husema: "Mtoto ana babake, na masurufu yake ni juu ya babake." Hili ndilo jibu lenye nguvu, na hatuna budi kulipa haki yake. Ni kweli kuwa masurufu ya mtoto ni juu ya baba, na baba mwenye uwezo ambaye hutumia pesa zake katika mirungi na baraza, huku mwanawe akenda skuli kwa chai kavu, ana deni mbele ya Mola wake ambalo hakuna mwenye kumlipia. Wala hatupendi maneno yetu yamfanye mtu kama huyo apumue. Lakini sheria haikuishia hapo. Baba akiwa amekufa, au ni mgonjwa, au ni maskini asiyeweza, wajibu hauanguki chini ukapotea. Huhamia kwa jamaa mwenye kuweza, na kisha kwa Baitulmali. Na Imamu Nawawi katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha vizazi kwa vizazi, ameyahesabu kuwavika walio uchi na kuwalisha wenye njaa kuwa ni katika fardhi za kifaya, ikiwa zaka na Baitulmali hazikutosha kuiondoa shida hiyo. Na maana ya fardhi ya kifaya twaijua sote kwa mfano wa maiti: wakisimama baadhi ya watu wakamzika, wote wamesalimika, wasiposimama, wote wamepata dhambi. Ajabu yetu ni kuwa mtu akifa mtaani petu, haipiti saa illa watu wamejaa, na sanda imenunuliwa, na kaburi limechimbwa. Ama mtoto aliye hai mwenye njaa, kila mmoja wetu humdhania kuwa ana wenyewe.

Hapo atasema mwenye kusema: "Na ikiwa babake ni mwenye uwezo lakini amepuuza, je, sisi tumlipie uzembe wake?" Twamjibu kwa swali: Mtoto hufungwa kwa deni la babake? Kadhi yeyote atakwambia hafungwi. Basi ikiwa hafungwi kwa deni la pesa, vipi atatiwa njaa kwa deni la uzembe? Mlishe mtoto kwanza, kisha mfuate baba, kwa nasaha na hata kwa kadhi ikilazimu. Haki mbili zikigongana, ya mwenye tumbo tupu hutangulia, kwani ya babake yaweza kungoja mpaka kesho.

Na hapa twakumbusha kisa kilichopokewa na wanavyuoni katika habari za Sayyidna Umar bin Khattab. Yeye alikuwa ameweka posho kutoka Baitulmali kwa kila mtoto aliyekwisha achishwa ziwa. Usiku mmoja ulifika msafara Madina, akatoka yeye na Abdurrahman bin Auf kuulinda. Akasikia mtoto analia, akamwendea mamake akamwambia amwangalie mwanawe. Mtoto akalia tena, naye akarudi tena, mpaka mwisho wa usiku akamwuliza yule mama kwa nini mtoto wake hatulii. Mama, naye hamjui anayesema naye, akajibu kuwa anamwachisha ziwa kwa nguvu kabla ya wakati, kwa sababu Umar hatoi posho illa kwa aliyeachishwa. Inapokewa kuwa Sayyidna Umar alisalisha alfajiri watu hawaifahamu kisomo chake kwa kilio. Kisha akatangaza kwamba watu wasiwaharakishe watoto wao kuacha ziwa, na kuwa tangu siku ile kila mtoto atapewa posho tangu kuzaliwa.

Ewe msomaji, yatazame mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, Sayyidna Umar hakumlaumu mama. Mwingine angesema, "Mwanamke huyu ana tamaa ya posho." Yeye aliitazama kanuni yake mwenyewe, akaona kuwa njaa ya mtoto imezaliwa na kanuni, akaibadilisha kanuni. La pili, posho ile haikuwa zawadi ya bwana mkubwa kwa maskini. Ilikuwa haki ya mtoto, awe babake ni nani. Na hapa ndipo penye tofauti ya hisani na haki. Hisani hupewa mtu akashukuru, na mtoaji akichoka huacha. Haki hupewa mwenyewe bila ya kuinamishwa kichwa, na asiyeitoa huulizwa.

Jibu la tatu tunalolisikia ni hili: "Mkiwalisha watoto skuli, mtawafanya wazazi kuwa wavivu." Maneno haya si mapya. Huko Uingereza, baada ya vita vya Afrika ya Kusini vya 1899 hadi 1902, watu walishtuka kuona vijana wengi waliotaka kuingia jeshini wamekataliwa kwa udhaifu wa miili. Ikatungwa sheria mwaka 1906 ya kuziruhusu serikali za miji kuwapa chakula watoto wa skuli wenye haja, na waliopinga walisema neno lilo hilo: kuwa baba atajivua wajibu wake. Marekani nayo ilitunga sheria yake ya chakula cha mchana cha wanafunzi mwaka 1946, baada ya vita vikuu vya pili, na miongoni mwa sababu zake ni vijana waliokutikana hawafai kwa jeshi kwa kukosa lishe. Tazama ajabu hii: mataifa makubwa yaliyagundua matumbo ya watoto wao yalipohitaji askari. Sisi hatuna haja ya kungoja vita.

Lakini khabari za Marekani zina funzo jingine, nalo ndilo tunalotaka lishikwe zaidi. Pamoja na sheria ile ya 1946, mtoto ambaye wazazi wake si maskini kabisa alitakiwa alipe, na asiyelipa akaandikiwa deni. Basi katika baadhi ya skuli ikawa mtoto mwenye deni hunyang'anywa sahani yake mbele ya wenziwe akapewa mkate baridi, na pengine mkono wake ukapigwa muhuri ili wazazi wasome nyumbani. Chakula kilikuwapo, lakini aibu ilitangulia. Jimbo la New Mexico likatunga sheria mwaka 2017 ya kukataza kumwaibisha mtoto kwa deni la chakula, na katika mwaka wa masomo ulioanza 2022 jimbo la California likaanza kumpa kila mwanafunzi wa skuli za umma chakula bila ya kuulizwa mali ya babake. Watu wale walihitaji zaidi ya miaka sabini kufahamu kuwa sadaka ikifuatwa na udhia hubatilika. Sisi tumelijua neno hili tangu utotoni, na twalihifadhi kwa moyo; lililobakia ni kulitenda.

Katika nchi yetu ya Kenya jambo hili lina historia yake. Mwaka 1979 serikali ilianza kuwapa watoto wa skuli za msingi maziwa bure, na watu wazima wengi wa leo wangali wanaikumbuka ladha ya pakiti zile. Lakini mpango ule haukudumu. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa chakula cha skuli kinachonunuliwa humu humu nchini, na mwaka 2018 ikapokea kamili kazi iliyokuwa ikifanywa na Shirika la Chakula Duniani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, imemtaja kila mtoto kuwa ana haki ya lishe ya msingi. Basi kwa sheria ya nchi pia hili si ombi. Na jijini Nairobi, tangu mwaka 2023, majiko makubwa ya kaunti huwapikia watoto wa skuli za umma, mzazi akachangia shilingi 5 kwa sahani. Mtoto huvaa ukanda mkononi, akaugusisha kwenye mashine, akapewa chakula chake. Na aliyelipiwa na babake na aliyelipiwa na mfadhili hawajulikani kwa macho. Hili limetupendeza kuliko yote. Shilingi zile 5 zamhifadhi baba katika wajibu wake, na ukanda ule wamhifadhi mtoto na aibu. Basi aliyesema kuwa kulisha watoto kwawavivisha wazazi, ajibiwe kwa mfano huu.

Na sisi wa pwani tuna sababu ya kujali kuliko wengine. Katika uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022, watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa 18 katika kila 100. Katika kaunti ya Kilifi walikuwa 37, idadi iliyo kubwa kuliko kaunti zote za Kenya. Kilifi si mbali. Ndiko yanakotoka maembe tunayokula na nazi tunazokuna. Mtoto aliyedumaa katika miaka yake ya mwanzo huingia darasani na upungufu ambao mwalimu hakuusababisha wala fimbo haiuondoi.

Tena yuko mtoto mwingine ambaye hatumhesabu, kwa kuwa tumbo lake limejaa. Huyu hupewa shilingi hamsini asubuhi, akaambiwa, "Utakula huko." Nenda kasimame mbele ya lango la skuli wakati wa mapumziko utazame anachokula: kachri za pakiti, mabuyu yaliyotiwa rangi, achari, barafu ya sukari, na soda. Hurudi darasani ameshiba, na baada ya saa moja hana nguvu. Huku ni kushiba kusiko na siha, na mzazi wake hadhani hata kidogo kuwa ana deni, kwa sababu ametoa pesa. Lakini masurufu siyo pesa. Pesa ni njia ya masurufu. Aliyempa mtoto wake shilingi asijue zimenunua nini, ni kama aliyempeleka chuoni asiulize amesoma nini.

Na zipo ada zetu nyumbani zilizo nzuri kwa kinywa lakini zataka kutengenezwa. Chai ya rangi kwa mahamri ndiyo chamshakinywa cha nyumba nyingi. Matabibu wametufundisha kuwa chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili kuipata vyema madini ya chuma iliyomo katika chakula hicho, na mtoto aliyepungukiwa na chuma hupungukiwa na damu, akachoka upesi na akili yake ikawa nzito. Kumbe mbaazi, kunde, mchicha na dagaa, vitu ambavyo baadhi yetu twaviona haya kumwekea mgeni, vina chuma hiyo. Na ndimu au chungwa pamoja navyo huusaidia mwili kuipokea. Uji wa wimbi si chakula cha mgonjwa peke yake. Twajua nyumba ambayo samaki mkubwa huuzwa ili inunuliwe soda ya wageni, na dagaa wakapewa paka. Hii si lawama kwa maskini; ni lawama kwa desturi ya kupima chakula kwa fahari yake.

Wengine watasema: "Basi wafukuzwe wauzaji langoni." Hatukubali hivyo. Mama anayeuza langoni mara nyingi ni mjane au mwenye kuachwa, na faida yake ya siku ndiyo chakula cha wanawe, ambao nao ni wanafunzi. Ukimfukuza umeondoa njaa kwa huyu ukaipeleka kwa yule. Bora kamati ya skuli ikae naye, imwambie: "Tutakuacha hapa, na tutawahimiza watoto wanunue kwako, kwa sharti uuze mbaazi, muhogo wa kuchemsha, ndizi, machungwa, mayai na maji safi, ufunike chakula chako na unawe mikono." Huyu mama si adui wa watoto. Huuza kinachonunuliwa, na sisi ndio tuliowazoesha watoto kununua hicho.

Basi deni ni la nani? Twajibu kuwa ni la kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, wala mmoja hamwondolei mwenzake. Ni la baba kwanza. Na akiweza asitoe, yeye ni mdaiwa hata kama mtoto amelishwa na wengine. Ni la jamaa baada yake. Ni la serikali, kwa kuwa ndiyo yenye kukusanya kodi zetu, na ndiyo yenye kutunga kanuni. Na hapa twaikumbusha kisa cha Sayyidna Umar: kwa mpango wa nchi yetu elimu ya chekechea ni ya kaunti, na skuli za msingi ni za serikali kuu. Mtoto akipewa uji katika chekechea, kisha akapanda darasa ya kwanza asiupate, hakuacha kuwa na njaa kwa sababu amehama kitabu. Wakubwa wa pande mbili wasitupiane mtoto huyu kama mpira, bali waitazame kanuni yao. Na mwisho ni deni letu sisi jamaa wa mtaa, pale wote hao wasipotosha.

Hatupendi kuyaacha maneno haya bila ya kazi. Katika kila mtaa, wachaguliwe watu watano waaminifu, wanawake wakiwamo, wakamwone mwalimu mkuu wa skuli iliyo karibu, wamuulize kwa siri ni watoto wangapi hawali mchana. Kisha waanze na jiko moja, sufuria moja, na chakula chepesi: pure ya mahindi na kunde siku tatu, uji siku mbili. Nafaka inunuliwe kwa wakulima wa Kwale na Kilifi, ili shilingi yetu imlishe na mtoto wa mkulima. Kila mzazi mwenye uwezo alipe, hata kama ni kidogo, asiyeweza alipiwe, na daftari la malipo lisionekane na mtoto yeyote wala lisisomwe kwa sauti. Watoto wote wale sahani moja, mtoto wa tajiri na wa maskini, asijulikane nani amelipiwa. Yawepo maji na sabuni ya kunawa, na uwanja wa kucheza, kwani mwili wataka kutumika kama utakavyo kulishwa. Na mwenye harusi inayokuja, kabla ya kuongeza sufuria ya kumi ya biriani ambayo nusu yake itamwagwa usiku, na ahesabu sufuria ile ingetoa sahani ngapi za pure.

Ama sisi waalimu, tuna deni letu peke yetu, jepesi kuliko yote, na tulilichelewesha. Kabla ya kumwita mtoto mvivu, tumuulize amekula nini leo. Yule mtoto tuliyemtaja mwanzo leo ni kijana mkubwa, na tukikutana njiani hutuamkia kwa heshima, "Shikamoo maalim," kana kwamba hakuna lililopita. Sisi hatukusahau. Kila atuamkiapo twaukumbuka ule mwembe, na bakuli mbili za uji ambazo si sisi tulizozileta.

Wabillahi tawfiq.